Sista, na Wewe Umepima?

Swali lilinitoka bila kulipanga. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi nje ya chumba cha uchunguzi, mimi na muuguzi niliyekwenda kumhoji, saa nane mchana, foleni ya akina mama imeshaisha. Alikuwa amevua glavu, anakunywa chai ya rangi kwenye kikombe cha plastiki. Nilikuwa nimeshapata kila nilichotaka kwa ajili ya makala: idadi ya waliofika, dalili za hatari, nukuu moja nzuri ya kufungia. Nikafunga daftari, nikamwuliza kama mtu anavyouliza habari za watoto: "Sista, na wewe umepima?"

Akacheka. "Mimi? Mbona napima kila siku! Leo tu nimepima wanawake 22."

Tukacheka wote. Kiswahili chetu kilimpa mlango wa kutokea na aliutumia vizuri. Tangu enzi za kampeni za UKIMWI, "kupima" imekuwa kazi ya pande zote mbili. Mwenye glavu anapima, na aliyelala kitandani naye "amepima". Sarufi ingetaka tuseme "nimepimwa", lakini nani anasema hivyo mtaani? Twende tukapime. Nilishapima. Mwambie akapime kwanza ndipo mfunge ndoa. Mimi naipenda sana matumizi hayo, kwa sababu yanamfanya mgonjwa awe mtendaji wa jambo lake. Sikujua kwamba yana kona moja yenye giza, ambamo mtu aliyeshika pamba anaweza kujificha miaka.

Kicheko kilipoisha akatazama ndani ya kikombe. "Bado, mdogo wangu," akasema. "Miaka 11 nipo kwenye chumba hicho, na bado." Halafu, kabla sijapata la kusema: "Na wewe, mwandishi?"

Nina miaka 36. Kila Januari na kila Oktoba naandika habari za saratani, ya mlango wa kizazi na ya matiti, kwa zamu. Vichwa vya habari naweza kuvipika nikiwa usingizini: wanawake wahimizwa, wanawake watakiwa, wanawake waaswa. Miaka minane nawahimiza wanawake, na haijawahi kunijia kichwani kwamba mimi ni mmoja wao. Kwamba mwanamke aanze kupima akifikisha miaka 30, hilo nimeliandika mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Siku nilipofikisha 30 nilikata keki, nikaendelea kuandika.

Kwa hiyo sikuwa na uso wa kumshangaa sista.

Kwa habari kama hii jibu la haraka tunalo tayari: mganga hajigangi. Tunaisema kwa tabasamu, kama watu wanaomsamehe mtu, na mazungumzo yanaishia hapo. Nimeigeuza sana methali hii tangu siku ile, na naona tumeisoma kichwa chini. Haisemi mganga haugui, wala haisemi aachwe na ugonjwa wake. Inasema mkono wake haufiki mgongoni kwake mwenyewe, basi amtafute mganga mwingine. Kilichotolewa kama agizo sisi tumekipokea kama ruhusa. (Kinyozi naye hajinyoi, lakini sijaona kinyozi aliyefuga nywele kwa sababu hiyo. Jioni wateja wakipungua, anakaa kwenye kiti cha mwenzake.)

Na sista hayuko peke yake. Mwaka 2006 ulichapishwa utafiti kuhusu wafanyakazi wa afya wa Hospitali ya Mulago, Kampala. Kati ya wanawake waliohojiwa, asilimia 81 hawakuwa wamewahi kupimwa saratani ya mlango wa kizazi, na asilimia 65 hawakujiona kuwa hatarini. Mwaka 2011 jarida la African Health Sciences likatoa utafiti juu ya wauguzi wa hospitali moja ya mkoa hapa Tanzania, na humo zaidi ya wanane katika kila kumi walikuwa hawajapima. Ni kweli tarakimu hizi ni za zamani, na kipimo cha Pap kilichoulizwa wakati huo kinataka maabara na mtaalamu wa darubini, vitu ambavyo havipatikani kila kona. Siku hizi kuna kipimo cha siki. Muuguzi anapaka siki hafifu kwenye mlango wa kizazi kwa pamba, anasubiri dakika moja, anaangalia kwa taa kama kuna sehemu imegeuka nyeupe. Ikionekana, mara nyingi inatibiwa siku hiyohiyo, kwa baridi kali au kwa joto, kabla haijawa saratani. Kutoka pale kirusi kinapoingia hadi saratani kamili, kwa mwanamke mwenye kinga nzuri, huchukua miaka 15 hadi 20. Magonjwa machache yanatupa muda wa hisani kiasi hicho. Sista anayajua yote haya. Binti yake alikuwa miongoni mwa wasichana wa miaka 14 waliochanjwa chanjo ya HPV ilipoanza nchini mwaka 2018, na fomu aliisaini yeye mwenyewe.

Nilipomsimulia mhariri mmoja rafiki yangu, mtu asiyependa maneno mengi, alisema neno moja tu: unafiki.

Nilikataa palepale. Daktari anayevuta sigara akikwambia tumbaku inaua, mapafu yako hayaulizi nani amesema. Unafiki unataka mtu ajionyeshe kuwa asivyo, na sista hajawahi kumwambia yeyote kwamba amepima. Hakuna aliyemwuliza. Wanawake wangapi wamepita kwenye kile kitanda kwa miaka 11, na wa kwanza kumwuliza ni mimi, tena kwa bahati, daftari likiwa limefungwa.

Lakini nilipofika nyumbani kitu kikanikwama. Asubuhi ile nilikuwa nimekaa nje ya pazia kwa saa nyingi, nasikiliza. Habari za kirusi, chanjo na miaka 30 zimebandikwa ukutani, kwenye bango, na bango halihitaji shahidi. Alichokuwa anasema sista nyuma ya pazia, kwa sauti ya chini, kwa kila mwanamke, kilikuwa kitu kingine: "Usiogope, mama. Haiumi. Legeza tu." Mara 22. Na haya maneno ni ushahidi. Ukisema saratani inaua, umetoa habari. Ukisema haiumi, umesema mimi nilikuwepo. Hata wazee wa baraza la kata wanajua kumwuliza shahidi: uliona, au uliambiwa?

Hapo ndipo ninapoona kosa, kama ni kosa. Kuwaambia wapime halimpunguzii heshima hata chembe. Lile neno dogo la kubembeleza, ambalo ndilo linalowafanya walegeze miguu, ndilo asilokuwa na haki nalo.

Nikamkumbuka Mary. Kipimo cha Pap kina jina la daktari Mgiriki, George Papanicolaou, aliyefanya kazi New York, lakini sampuli alizojifunzia zilitoka kwa mkewe Andromache, aliyezoeleka kwa jina la Mary. Kwa miaka kama 20 mama yule alijilaza ili mumewe achukue ute, akauangalie kwenye darubini. Hakuwa mgonjwa. Kwa kuzoea chembe zake nzima, mume akaweza kuzitambua zilizoharibika kwa wanawake wengine. Kama kuna mtu mmoja katika historia ya jambo hili mwenye haki ya kusema haiumi, au inauma, ni yeye. Jina kwenye kipimo ni la mume.

Na wasomaji wa Chekhov najua wameshanitangulia. Katika "Wodi Namba 6" ya mwaka 1892 kuna Dokta Ragin, mtu mpole, msomaji wa vitabu, anayemweleza mgonjwa wa akili kwamba hakuna tofauti kati ya chumba cha joto chenye vitabu na wodi yenye nondo, kwa kuwa utulivu uko ndani ya mtu. Mgonjwa anamuuliza kama yeye amewahi kuteseka. Mwisho wa hadithi Ragin mwenyewe anafungiwa kwenye wodi ileile, anapigwa na mlinzi yuleyule, na falsafa yote inamtoka kwa usiku mmoja. Naisoma kama hadithi ya mtu aliyesema "haiumi" miaka 20 bila kulala kitandani.

Kinachonisumbua zaidi ni mwandishi wake. Chekhov alihitimu udaktari Moscow mwaka 1884, na mwaka huohuo akaanza kutema damu. Kwa miaka 13 aliwatibu watu wengine, wakiwamo wakulima wa Melikhovo ambao hakuwatoza pesa, huku kikohozi chake akikipa majina mepesi. Hakukubali kupimwa sawasawa mpaka Machi 1897, damu ilipomtoka kwa wingi akiwa mezani kwenye mgahawa. Kifua kikuu kilimuua mwaka 1904, ana miaka 44. Mtu aliyemwona Ragin kwa undani ule alishindwa kumpeleka Anton Chekhov kitandani. Kwa hiyo tusiseme tatizo ni elimu. Huenda elimu ndiyo inayotisha. Mimi naogopa neno moja tu, kansa. Sista anaogopa safari nzima, kituo kwa kituo: barua ya rufaa, foleni, mionzi, na jinsi watu wanavyoshusha sauti wakisema fulani ametumwa Ocean Road.

Nilirudi kumwona. Safari hii sikwenda na daftari, nilibeba chapati.

Nilimwuliza kwa nini. Sababu mbili za kwanza alizitoa haraka, kama mtu anayesoma bango: zamu ni nyingi, na watu wa afya tunajisahau. Ya tatu ilichukua chapati nzima.

"Nitampanulia nani miguu, mdogo wangu? Yule niliyemfundisha kazi? Au yule anayenidai hela ya kikoba? Kesho yake tunakaa kikao, mfawidhi anagawa zamu, na mwenzangu kaniona mpaka kizazi. Halafu rejista. Jina, umri, idadi ya mimba, majibu ya VVU. Ile rejista naijua, naiandika mimi. Kila anayeshika zamu anaifungua."

Watu wa pwani tuna neno sitara, na sijui kama kuna mtu anayelifanyia kazi kuliko muuguzi. Sista anavuta pazia. Anatoa kanga. Mwanamke anapovua, anageuka kupanga vifaa ambavyo vilishapangwa. Akikuta jambo anashusha sauti. Kwa miaka 11 amewasitiri wanawake wa kata nzima ndani ya jengo ambalo hakuna mtu wa kumsitiri yeye.

Na sisi tumekuwa tukimwambia awe mfano. Sentensi hiyo nimeiandika mwenyewe, zaidi ya mara moja: wahudumu wa afya wanapaswa kuwa mfano. Si wazo la kijinga. Mwaka 2000 Erica Frank na wenzake, huko Atlanta, waliwaonyesha wagonjwa video za daktari akitoa ushauri wa afya. Katika moja daktari aliongeza maneno machache kuhusu mazoezi na chakula chake mwenyewe, na mezani kwake palikuwa na tufaha na kofia ya kuendeshea baiskeli. Waliotazama hiyo walimwamini zaidi. Nasi hapa tulishaona nguvu ya mfano: Julai 2007 Rais Jakaya Kikwete na mkewe Mama Salma walipima VVU hadharani, Dar es Salaam, na watu wakafuata. Lakini fikiria walichoonyesha. Mkono. Mkono unanyooshwa mbele ya kamera, na tufaha linakaa mezani. Sista angeweka nini mezani? Tulipomtaka awe mfano tulikuwa na picha ya mkono vichwani mwetu, na hatukujali kwamba yeye anahudumia mahali ambapo hakuna mtu anayepaswa kuonyesha chochote.

(Wanaume nao, kabla hawajajiona salama: niliwauliza madaktari wawili kuhusu tezi dume. Mmoja alibadilisha mada. Mwingine, miaka 52, alisema hajisikii vibaya. Mgonjwa wake akimpa jibu hilo anakaripiwa.)

Siku hiyo ya chapati, nikijiandaa kuondoka, ndipo akanisimulia habari za mwalimu wake.

Alikuwa muuguzi mkubwa, wa kizazi cha nyuma yake, aliyemfundisha kushika kifaa bila kumbana mtu, kuisogeza taa, kutofautisha weupe wa hatari na ute wa kawaida. Mkono mwepesi, alisema sista, mkono wa peke yake. Alipoanza kutoka damu, wakati hedhi ilishakoma siku nyingi, aliwaambia wenzake ni homoni. Hakuna aliyebisha, nani angembishia yeye? Siku alipokubali kulala kitandani, siki haikuhitajika. Walimzika mwaka juzi.

"Msibani walikuja wanawake," sista akasema. "Wengi. Sikuwajua. Mmoja akaniambia, mimi huyu mama aliniona mapema. Mwingine naye. Mwingine."

Sikuwa na la kuandika, na nashukuru sikuwa na daftari. Rafiki yangu mhariri alitafuta waliodhulumiwa miongoni mwa wagonjwa, na pale msibani wagonjwa walikuwa wazima, wamekaa kwenye mkeka, wanamlilia. Hakuwadanganya hata mmoja wao. Ushauri wake ulikuwa wa kweli kwa kila aliyeusikia. Deni lilikuwa kwake mwenyewe, na kwa watoto wake, na nadhani sehemu yake lilikuwa kwetu sisi tuliopanga kazi kwa namna ambayo mtu wa kumwona yeye angekuwa lazima ni yule aliyemfundisha. Mtu akiniuliza leo kama muuguzi ana wajibu wa kupima, nasema ndiyo, kama mimi, si zaidi yangu kwa sababu ya gwanda. Ila nitamwuliza kwanza anayeuliza kama amemtafutia huyo muuguzi kitanda mahali ambapo hajulikani.

Wiki mbili baadaye alinipigia simu. Jumamosi nina nafasi? Kuna kituo upande wa pili wa mji, daladala mbili, na huko hakuna anayemjua.

Alikuja na dera na mtandio, na mkoba mkubwa wa sokoni. Nilizoea kumwona na gwanda. Bila gwanda alionekana mfupi. Mapokezi wakamwuliza jina, umri, mtaa, kazi.

"Mfanyabiashara," akasema, bila kupepesa.

"Unauza nini, mama?"

"Vitenge."

Nikajiuma mdomo. Zamu yangu ilipofika na nikaulizwa kazi, nikajisikia nasema mwalimu. Mpaka leo sijui kwa nini. Labda sikutaka kesho yake mtu aseme yule mwandishi wa kila Januari alikuwa hajapima.

Mle ndani alikuwa binti mdogo, hata 30 sidhani kama amefika. Akauliza nani anaanza. Sista akanitazama kwa namna ambayo sikuweza kubisha. Nikaingia, nikavua, nikalala. Binti akasema, "Usiogope, dada. Haiumi." Swali langu likanifika mdomoni, na nikalimeza. Mtu aliyeingia kwa jina la ualimu wa uongo hana haki ya kumhoji mwenzake.

Nilipotoka, sista alikuwa amesimama mlangoni, ameukumbatia mkoba.

"Inauma?"

Ndiyo mara ya kwanza nimeona uso wake bila ile sauti ya kazi.

"Chuma ni cha baridi," nikamwambia. "Kinabana kidogo. Siki inawasha, si sana. Na aibu, kama dakika mbili, unaangalia dari. Dari ina doa la mvua."

"Majibu?"

"Mazuri."

Akanikabidhi mkoba na simu. Akatoa humo kanga yake mwenyewe, aliyokuja nayo kutoka nyumbani, akaingia. Nikakaa kwenye benchi. Nyuma ya pazia nikasikia mlio wa kitanda, halafu sauti ya yule binti: "Usiogope, mama. Haiumi. Legeza tu."

Kimya kidogo. Halafu sauti ya muuza vitenge:

"Mwanangu, hiyo taa ishushe. Hapo hutaona."